Shirika la uhifadhi linataka kijiji chetu kiingie WMA. Je, tusaini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kusini mwa Tanzania. Kijiji chetu kinapakana na pori. Mwezi uliopita lilikuja gari la shirika la uhifadhi pamoja na afisa wanyamapori wa wilaya. Wanataka sisi na vijiji vinne jirani tutenge sehemu ya ardhi yetu iwe WMA, yaani eneo la vijiji la kuhifadhi wanyamapori. Wazee wanasema tukubali, shirika litatujengea zahanati na kutuchimbia kisima. Vijana wanasema ni njia ya kutunyang'anya ardhi, kesho tutaambiwa tuhame. Wiki ijayo mwenyekiti ametuita wajumbe tusaini muhtasari. Naomba unieleze: haya mashirika ni ya nani, yana mamlaka gani, na tukisaini ardhi inakuwa ya nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa una siku chache, nianze na la haraka. Usisaini muhtasari wowote unaosema kijiji kimekubali kama mkutano mkuu wa kijiji haujakaa. Ninyi wajumbe mnasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Wenye kauli kijijini ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo, na kanuni za WMA nazo zinaanzia hapohapo. Anayewaharakisha ninyi wachache mwandike kwamba kijiji kizima kimeridhia anawatwisha mzigo usio wenu, hata kama nia yake ni njema.

Sasa tukae tuzungumze.

Lile gari lilikuwa na watu wa aina mbili, na kosa linaloanza vijijini ni kuwaona kama kitu kimoja. Afisa wanyamapori, ambaye wazee wengi bado wanamwita bwana nyama, ni serikali. Wenzake wenye fulana za nembo ni shirika lisilo la kiserikali. Yeye ana mamlaka ya kisheria, lakini mara nyingi ofisi yake haina mafuta ya kumfikisha kwenu. Wao wana gari na mafuta, lakini hawana mamlaka yoyote juu ya ardhi yenu. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, ndiyo maana wamekuja pamoja. Hakuna ubaya katika hilo, ila anapozungumza mmoja wao mnapaswa kujua anazungumza kama nani.

Serikali nayo si mlango mmoja. Ukisikia neno hifadhi Tanzania Bara, uliza kwanza ni hifadhi ya nani. Hifadhi za taifa kama Serengeti, Ruaha na Nyerere zipo chini ya TANAPA, shirika la serikali la hifadhi za taifa, na humo hakuna kulima, kuchunga wala kujenga. Ngorongoro ina mamlaka yake, na ilipotengwa na Serengeti mwaka 1959 msingi wake ulikuwa wafugaji kuendelea kuishi humo pamoja na wanyama. Mapori ya akiba na mapori tengefu yapo chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori iliyoanza kazi 2016. Huko ndiko kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu ni ya TFS, wakala wa misitu. Baharini kuna kitengo kingine kabisa, ambacho hifadhi yake ya kwanza ni ile ya Mafia ya 1995. Kwenu kusini jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na iliyobaki ikaendelea kuwa pori la akiba. Kama mnapakana na lililokuwa Selous, ulizeni leo mnapakana na upande upi. Jirani amebadilika jina na sheria zake zimebadilika pia, na vijiji vingi havikupata maelezo ya kutosha.

WMA si mali ya yeyote kati ya hao niliowataja. Ni eneo lililo ndani ya ardhi za vijiji, likiongozwa na jumuiya ambayo vijiji vyenyewe vinaiunda, chini ya usimamizi wa Mkurugenzi wa Wanyamapori. Majina ya jumuiya hizo yanaonyesha nia iliyokuwepo mwanzoni. MBOMIPA ya Iringa, jirani na Ruaha, ni Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. JUHIWANGUMWA ya Rufiji imeunganisha Ngorongo, Utete na Mwaseni. Ni majina ya watu na mahali pao. Wakiwaambia kwamba WMA ni mpango wa kijiji, kwa maandishi ya sheria wanasema kweli.

Umeuliza mashirika ni ya nani. Mengi makubwa yana makao Ulaya na Marekani, na fedha zake hutoka kwa serikali za huko, kwa mifuko ya wahisani na kwa watu wa kawaida wanaochangia kidogokidogo. Hayakuja jana. Frankfurt Zoological Society ya Ujerumani ilikuwa Serengeti tangu miaka ya 1950, wakati mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipokuwa wakihesabu nyumbu kwa ndege. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori (si lile Azimio la 1967) akiahidi kwamba Tanganyika itawatunza wanyama hawa, na akisema wazi kuwa kazi hiyo inahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba tunategemea mataifa mengine yatushike mkono. Mwaka huohuo wa 1961 WWF ilianzishwa, na African Wildlife Foundation pia. Chuo cha Mweka, kule Moshi, kilifuata 1963. Kwa hiyo mashirika haya yalikaribishwa, na yana historia ndefu na nchi yetu. Yapo pia mashirika ya Watanzania wenyewe, na nitayarudia, kwa sababu baadhi yake yamefanya kazi ambayo ningependa kijiji chenu kiijue.

Nimefanya kazi ya mipango ya ardhi vijijini kwa miaka mingi, mara nyingi nikilipwa na mradi wa shirika. Nakwambia jinsi mambo yanavyokwenda ndani. Shirika huishi kwa andiko la mradi. Mfadhili hutoa fedha za miaka mitatu, labda mitano, na kwenye andiko kuna malengo yanayohesabika: hekta ngapi zimetengwa, vikao vingapi vimefanyika, askari wa kijiji wangapi wamefunzwa. Hakuna mahali pa kuandika kama mama aliyekaa nyuma kabisa ya mkutano alielewa kilichosemwa. Mwaka wa mwisho wa mradi unapokaribia, haraka huongezeka. Wafanyakazi wengi ni vijana wetu wenyewe, wanawapenda wanyamapori kwa moyo, na wamewahi kuona tembo waliokatwa pembe wakioza juani. Haraka yao haitokani na hila. Inatokana na tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba wao na mfadhili. Ninyi hamna tarehe hiyo.

Na ieleweke kwa nini macho yao yako kusini. Sensa zilionyesha tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Katika mfumo wa Selous peke yake walikuwa karibu 39,000 mwaka 2009, na miaka minne baadaye 13,000 tu. Ni msiba mkubwa, na waliokamatwa au kuumizwa ndani yake walikuwa pia vijana wa vijijini waliotumwa na wenye fedha. Baada ya hapo kila mtu alitambua kuwa pori likizungukwa na vijiji visivyofaidika nalo, bunduki za askari hazitoshi. Ndipo shoroba, yaani mapito ya wanyama, zikapewa uzito mpya, kama ule ushoroba unaotoka Selous kupita Namtumbo na Tunduru hadi Niassa, Msumbiji, ambao umeshikiliwa na WMA za Mbarang'andu, Kimbanda, Kisungule, Nalika na Chingoli. Wanyama hawasomi mpaka wa hifadhi. Wanapita kwenu, na ardhi yenu ndiyo inayowaunganisha. Kwa hiyo mnacho kitu ambacho wenzenu wanakihitaji sana, na mnapoingia kwenye mazungumzo ingieni mkilijua hilo.

Twende kwenye ardhi, ambayo ndiyo hofu ya vijana.

Kisheria ardhi ya nchi yetu iko katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hifadhi ya taifa na pori la akiba ni ardhi ya hifadhi. Eneo la WMA linabaki kuwa ardhi ya kijiji. Hapo vijana wamekosea kidogo: mkisaini WMA hamjaipa TANAPA ardhi, wala shirika. Lakini wazee nao wasifurahi haraka, maana kinachobadilika ni matumizi. Ndani ya mpaka wa WMA hamtalima wala kujenga. Kuchunga, kukata miti ya kujengea, kuchukua kuni, kutundika mizinga ya nyuki, vyote hivyo vitategemea mpango wa kanda, yaani mgawanyo wa eneo kwa matumizi, utakaoandikwa na sheria ndogo mtakazopitisha. Kuna WMA za wafugaji kule kaskazini, kama Enduimet na Randilen, ambako malisho ya msimu yameandikwa kwenye mpango. Lisilokuwemo kwenye mpango, askari atalihesabu kuwa kosa, na askari huyo anaweza kuwa mtoto wa jirani yako aliyepata mafunzo kwenye chuo cha Likuyu Sekamaganga.

Tena hofu ya vijana haikutoka hewani. Sheria hiyohiyo ya 1999 inampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya hifadhi kwa manufaa ya umma. Kwa eneo lisilofikia hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua baada ya kupokea maoni ya kijiji, na fidia lazima ijadiliwe. Wameona pia yaliyotokea Loliondo, Juni 2022, mawe ya mpaka yalipowekwa kwenye kilomita za mraba 1,500 ambazo Wamaasai walizihesabu kuwa malisho ya vijiji vyao, na mwaka huohuo zikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Kijana aliyeona hayo kwenye simu yake hawezi kuambiwa "acha uzushi". Mjibuni kwa karatasi. Je, kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji? Mipaka yenu na vijiji jirani imepimwa na kukubaliwa? Mpango wa matumizi bora ya ardhi upo, umepitishwa na mkutano mkuu, na ramani yake mnayo ofisini kwenu, si wilayani peke yake? Kama majibu ni hapana, basi kazi ya kwanza ya shirika lenye nia njema ni kuwasaidia kupata hivyo vitatu. WMA hata kwa taratibu zake yenyewe haiwezi kutangazwa bila mpango wa matumizi ya ardhi. Mkivipata, hata mkikataa WMA mtabaki navyo, na ardhi yenu itakuwa imara kuliko ilivyo leo. Kwa mawazo yangu hilo ndilo la thamani kubwa mnaloweza kulipata kutoka kwenye ziara hii.

Hilo la zahanati na kisima, tafadhali wasomee wazee polepole. Shirika linaweza kujenga jengo. Muuguzi na dawa vinatoka halmashauri ya wilaya, kwa hiyo zahanati isiyokuwemo kwenye mpango wa wilaya ni kuta na bati. Niliwahi kufanya kazi kwenye kijiji kimoja ambako tuliahidi kisima kwenye mkutano, watu wakashangilia, na siku hiyohiyo wakainua mikono kupitisha mpaka. Kisima kilichimbwa. Miaka miwili baada ya mradi kufungwa pampu iliharibika, na hapakuwa na ofisi ya kuipelekea barua. Mpaka ulikuwa bado upo, na mto waliokuwa wakichota zamani ulikuwa upande wa pili wake. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti siku ile, na jambo hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Tangu hapo nimekuwa nikisema: ahadi ya maendeleo na uamuzi wa ardhi visipitishwe kwenye mkutano mmoja. Ardhi ijadiliwe siku yake, bila soda na bila posho ya kukaa.

Kuhusu fedha za WMA yenyewe. Kanuni za 2005 zilielekeza kwamba katika mapato ya jumuiya, yasiyopungua asilimia 50 yaende kwa vijiji wanachama, yasiyopungua 25 yaimarishe jumuiya, na yasiyopungua 15 yarudi kwenye kutunza rasilimali yenyewe. Kanuni zimeandikwa upya 2012 na tena 2018, kwa hiyo mwombeni afisa awaletee toleo linalotumika sasa, kwa Kiswahili. Lakini asilimia nzuri ya kitu kidogo ni kidogo. WMA zilizofanikiwa kwa fedha, kama Ikona karibu na Serengeti na Burunge kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ziko kwenye njia ya watalii wa picha. Hoteli zinalipa kwa kila kitanda kinacholaliwa. Kusini mapato mengi yametegemea uwindaji, na uwindaji una misukosuko yake: mwaka 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, na wawindaji wengi walikuwa Wamarekani. Mwaka 2020 korona iliwafungia mlango hata wale wa picha. Juu ya hayo, WMA zimelalamika kwa miaka kwamba fedha zikikusanywa na serikali huchelewa kurudi. Hivyo mkiambiwa "mtapata mapato ya utalii", ulizeni: mwekezaji ni nani, yupo tayari au tunamtafuta? WMA iliyo jirani yetu ilikipa kila kijiji shilingi ngapi mwaka jana? Kama hawana takwimu hiyo, pandeni basi, wajumbe wawili au watatu, mmoja wao mwanamke na mmoja kijana, mwende kwenye kijiji kilicho ndani ya WMA ya jirani. Msiongozwe na shirika. Mwende kwa mama anayeuza uji, mkamuulize. Siku moja ya namna hiyo itawafundisha zaidi ya semina ya wiki nzima.

Mwulizeni mama huyo pia habari za tembo shambani. Nchi yetu ina maneno mawili ambayo nadhani yanasema ukweli wote wa jambo hili: kifuta jasho, kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Serikali haikuyaita fidia, na kwa kweli si fidia. Kanuni za 2011 zilihesabu kifuta jasho kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Shamba likiwa karibu zaidi malipo yalipungua, na lililo ndani ya mita 500 halikuwemo kabisa; mwulizeni afisa kama bado ni hivyo. Unaona sasa uzito wa mahali pa kuweka bikoni, alama ya mpaka? Mstari ukisogezwa kidogo kwenye ramani, mama anayelala kwenye dungu na debe la kugonga usiku kucha anaweza kujikuta hana anachoweza kudai. Kabla ya kukubali mpaka, ulizeni kwa maandishi: kwa shamba lililo jirani na WMA yetu, mpaka unaohesabiwa ni upi, wa WMA au wa pori? Afisa asijibu kwa mdomo. Na ulizeni ni nani atakayelinda mashamba msimu wa mahindi, kwa sababu askari wa kijiji wanaofunzwa mara nyingi hupangwa doria dhidi ya majangili, na shamba hubaki kwa mwenyewe.

Nilisema nitayarudia mashirika ya kwetu. Nayarudia kwa sababu WMA si njia pekee, na sijawahi kumsikia mtu wa mradi wa WMA akianza mkutano kwa kusema hivyo.

Kama pori lenu lina miti ya thamani, Sheria ya Misitu ya 2002 inawaruhusu kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, mkausimamia wenyewe kwa sheria ndogo zenu, na mapato ya uvunaji yakabaki kijijini. Kilwa wamefanya hivyo wakisaidiwa na Mpingo Conservation & Development Initiative, shirika lililoanzia hukohuko kwenye mpingo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa na kuvunwa vizuri, na ilikuwa ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Hapo wanyama wanapata makazi yao, na kijiji kinauza gogo la mpingo kwa mkataba wake. Kanuni za uvunaji hubadilika, hivyo afisa misitu wa wilaya awaeleze zilivyo sasa, lakini wendeni Kilwa mkaone. Si mbali na kwenu kama Serengeti.

Njia nyingine ni hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, watu wachache waliokuwa wakisukumwa na wakulima na wafugaji kutoka kila upande, walipata hati yao mwaka 2011 wakishirikiana na Ujamaa Community Resource Team, shirika la Watanzania kutoka kaskazini. Ardhi ile sasa inajulikana kwa karatasi kuwa ni yao kwa kuwinda na kuokota, na wanalipwa pia kwa kuutunza msitu kupitia biashara ya hewa ukaa. Edward Loure, aliyeongoza kazi hiyo ya hati za pamoja, alipewa Tuzo ya Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, mwaka 2016. Familia yake ilihamishwa eneo la Tarangire lilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Alipokuwa mtu mzima hakuchukia wanyama. Alitafuta njia ya kuwafanya watu wasihame tena, na ardhi iliyopata hati kwa njia hiyo imepita ekari 200,000. Ninapowafikiria vijana wenu wenye hasira ninamkumbuka yeye. Wapeni kazi. Wachagueni kwenye kamati ya mipaka, wabebe GPS, watembee mpaka wote kwa miguu pamoja na wazee wanaojua majina ya vijito.

Kuna jambo moja ambalo hutalisikia kwenye mkutano usipoliuliza: kutoka. Kuingia WMA kuna hatua nyingi: mkutano mkuu, mpango wa ardhi, kusajili jumuiya na katiba yake, mpango wa kanda, maombi kwa Mkurugenzi, tangazo kwenye Gazeti la Serikali, kisha haki ya matumizi. Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Minjingu, kijiji cha Burunge, kilitaka kujitoa na kikagundua ugumu huo. Vijiji vingine vinapokuwa vimeshafunga mkataba na mwekezaji, kijiji kimoja kikiondoka kinavunja ramani ya wote. Kwa hiyo kwenye katiba ya jumuiya iandikwe mapema namna ya kujitoa, na mikataba ya wawekezaji isizidi miaka ambayo ninyi mmeikubali kwenye mkutano wenu. Na msiisahau jumuiya yenyewe. Ni ya vijiji, lakini viongozi wake wanaweza kuwa mbali nanyi kama afisa yeyote wa wilaya. Andikeni kwenye katiba kwamba viongozi hao watasoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kila kijiji, pamoja na risiti.

Ungependa kujua mimi ningefanyaje. Nisingekataa. Ardhi yenu ikiachwa bila mpango wowote, itakatwa vipandevipande na wenye fedha wa kutoka mbali, wa ufuta, wa ng'ombe au wa mbao, na hao hawaji na muhtasari hata wa kuusoma. Nisingekubali pia wiki ijayo. Ningeliandikia shirika barua, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, nikisema kijiji kinakaribisha mazungumzo na kinaomba vitu hivi kwanza: cheti cha usajili wa shirika chini ya Sheria ya NGO ya 2002, muda wa mradi na siku unaomalizika, makubaliano yao na wilaya, rasimu ya ramani, na msaada wa kukamilisha cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Yaliyoko kwenye ofisi za serikali mnaweza kuyaomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye ofisi siku 30 kujibu. Shirika zuri halitachukia barua hiyo. Nimeona mengine yakiifurahia, kwa kuwa kijiji kinachouliza mapema hakiwageuki katikati ya mradi.

Kwenye kikao cha wiki ijayo, mwombe mwenyekiti kwa heshima ajenda isomeke "kupokea taarifa ya shirika" badala ya "kuridhia WMA". Tofauti ya maneno hayo ndiyo tofauti ya kijiji kilichosikiliza na kijiji kilichosaini. Ukishapewa muhtasari usome wote, hakikisha karatasi ya mahudhurio imeandikwa kichwa chake, kwa sababu saini za mahudhurio ya semina zimewahi kubandikwa nyuma ya maamuzi ambayo hayakufanyika. Piga picha kila ukurasa kwa simu yako.

Na ramani ikifika, itandaze chini, waite wanawake kabla ya wanaume, mkaonyeshane kwa kijiti: kisima cha kiangazi kiko wapi, kuni zinatoka wapi, majani ya kuezekea yanakatwa wapi, makaburi ya wazee yako upande gani wa mstari, na mashamba ya wajane yako umbali gani kutoka bikoni. Mtakachokiona hapo kiandikeni, mkipeleke kwenye mkutano mkuu, kisha niandikie. Nitaisoma rasimu pamoja nawe, ukurasa kwa ukurasa, kabla kijiji hakijainua mikono.